Skrubu ya Reino

Msitu wa akina Hautala hauna Hautala tena. Kampuni ya mbao iliuuza, mnunuzi akaukodisha kwa klabu ya wawindaji kutoka mjini, klabu ikaweka geti, na kwenye geti ikamweka Arvid Rautio. Arvid wa kwetu kabisa. Yule yule aliyeingia kiwandani kazini wakati sisi wengine tumegoma na theluji imetufika magotini. Wenzangu wanasema hayo yamepita. Kwangu hayajapita.

Klabu ikasema wenyeji wachache wataruhusiwa kuwinda kulungu kwa upinde, lakini kwanza wathibitishe kwamba wanajua kulenga. Mishale mitatu kwa yadi thelathini, miwili iingie kwenye duara la ukubwa wa sahani. Ukishindwa, basi mpaka mwaka kesho. Kaka yangu Reino ana watoto wanne na friza tupu. Nyama ya msitu ule ndiyo inayowavusha kila mwaka mpaka barafu iyeyuke.

Wiki nzima tulikuwa nyuma ya banda lake tukipanga pini za kulengea, vile vijiti vilivyokazwa kwa skrubu kwenye upinde. Pini ya juu kwa yadi ishirini, ya kati thelathini, ya chini arobaini. Anarusha, namwambia mshale umeangukia wapi, analegeza skrubu, anaufuata mshale: ukienda chini, pini chini, ukienda kushoto, pini kushoto. Mpaka ya kati ikawa inaua.

"Jumamosi usifungue mdomo, dada," akaniambia. "Nakuomba. Nipate ruhusa yangu nirudi nyumbani."

"Nilishawahi kufungua mdomo bila sababu?"

"Harusini kwangu."

Jumamosi tukapanga foleni. Arvid akatoka na jaketi jipya la klabu, akapiga makofi kama mwalimu wa chekechea.

"Jamani! Leo tunarusha mishale yenye vyembe vya kuwindia. Vyenye visu. Vya mazoezi wekeni pembeni."

Kwetu chembe chenye visu hakigusi kitu kabla ya mnyama. Ndivyo tulivyolelewa: kisu kilichochoma gunia la shabaha ni kisu butu, na kulungu aliyepigwa na kisu butu anakwenda kufia mbali kwa mateso. Kwa hiyo wote tulikuwa tumepanga pini zetu kwa vyembe vya mazoezi. Na visu vinashika upepo. Mshale hauendi pale pale.

"Arvid," Reino akasema kwa upole, "unajua kabisa sisi hatuvijaribu hivyo."

"Najua sana," akajibu, akicheka. "Mimi nimezaliwa hapa."

Watu wa mjini wasingeweza kuitunga sheria ile. Hawatujui kiasi hicho. Nilifunga mdomo hadi taya likauma.

Reino akavuta upinde, akaweka pini ya kati katikati ya sahani, akaachia. Mshale ukachomeka kushoto, nje ya duara.

"Ohoo!" Arvid akasema. "Labda ujaribu na jiwe, mzee."

Reino akatoa spana ndogo mfukoni, akalegeza skrubu, akasogeza pini kushoto kidogo, akakaza. Akarusha. Katikati. Akarusha tena, mshale wa tatu ukakwaruza ubavu wa wa pili.

"Umeshindwa," Arvid akasema.

"Miwili imo ndani."

"Umegusa pini. Ukishaingia getini, pini haziguswi."

"Hiyo imeandikwa wapi?"

"Nimeisema sasa hivi. Haya, anayefuata!"

Hapo nikafungua mdomo, lakini Reino alinitangulia. Reino, ambaye hajawahi kumpandishia sauti hata mbwa.

"Mwaka wa mgomo," akasema, na wote walimsikia, "ulikuwa unaingia kazini unatuacha nje. Mkeo mgonjwa. Baba akakuletea paja zima la kulungu mlangoni kwako. Mimi ndiye nililibeba. Lilitoka msitu huu."

Arvid akawa mwekundu mpaka masikioni. "Siku ya kwanza ya msimu nikikukuta humu naita polisi."

"Utanikuta. Waite."

Nikaigeukia foleni. Majirani hao, niliowapikia kahawa kwenye mgomo, kila mmoja anaangalia buti zake. Nilikuwa tayari kuwataja kwa majina, mmoja mmoja, na yale ya baba zao.

Aliyefuata alikuwa Eila Karvonen, mjane wa fundi bomba. Akasimama kwenye mstari, akaegemeza upinde pajani, akatoa spana yake. Kabla hajarusha hata mshale mmoja, kabla hajajua wake utaelekea wapi, akaanza kuigeuza skrubu, taratibu, huku anamtazama Arvid usoni.

"Eila, acha."

"Njoo uniachishe."

Nyuma yake nikasikia zipu za mifuko zikifunguliwa, spana zikitolewa.