Bomba Katika Nyumba ya Mkwe

Jentrix aliingia kazi ya bomba akiwa na miaka arobaini na tatu, umri ambao wenzake wa mtaa wa Kipsongo walikuwa wameanza kungoja wajukuu. Kabla ya hapo alikuwa akiwauzia wajenzi wa mji wa Kitale chai na githeri, sufuria kichwani, kutoka mjengo mmoja hadi mwingine. Kazi ya chakula ina kungoja kwingi. Unampa mtu sahani, unakaa kando mpaka amalize. Jentrix akikaa hivyo alikuwa anauliza. Kwa nini unafunga katani kwenye meno ya bomba? Kwa nini hiyo umeipaka rangi na ile hukuipaka? Maji yanajuaje kupanda juu?

Fundi aliyekuwa akiulizwa ni Gachanja, mzaliwa wa Trans-Nzoia, mtu wa maneno machache aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Siku moja aliweka sahani chini, akamwangalia.

"Mama Fridah, wewe unauliza kuliko wale ninaowalipa."

"Nikikusumbua niambie ninyamaze, Baba Ciru."

"Sijasema unyamaze. Nasema kesho uje bila sufuria."

Jentrix alidhani ni mzaha. Jioni ile mkewe Gachanja, Waruguru, alimletea ovaroli ya zamani ya mumewe. Alikuwa ameifua, akaipunguza miguu, na kwenye magoti akashonea vipande vya gunia mara mbili mbili. "Huyo mzee wangu haniambii kitu," Waruguru alisema, "lakini najua kazi hiyo inakula magoti." Jentrix aliishika ile ovaroli kifuani muda mrefu baada ya mgeni kwenda. Alikuwa mjane kwa miaka sita, na katika miaka hiyo hakuna mtu aliyeyafikiria magoti yake.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Spana ya bomba ilikuwa nzito kuliko mtoto wa miaka miwili. Viganja vilichubuka, vikapona, vikachubuka tena juu ya pale palipopona. Wapiga plasta walimcheka kutoka juu ya jukwaa.

"Mama, umeacha kupika githeri sasa unapika mabomba?"

"Hata hii itaiva," alijibu. "Nyinyi wekeni tu mikono yenu safi."

Mwaka wa pili Gachanja alianguka kutoka ngazini akavunjika mkono wa kulia. Kwa wiki nane alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisema, na Jentrix akafanya kila alichosema. Hapo ndipo alipojifunza hasa. Mkono ulipopona, Gachanja hakumwambia kwamba amekuwa hodari. Alimwambia tu kwamba mwezi ujao kuna mtihani wa serikali wa mafundi, Gredi ya Tatu, na baada ya huo ni mpaka mwaka mwingine.

"Lakini mimi simpeleki mtu kwa mtihani kama hajamaliza nyumba moja peke yake," alisema. "Mwanzo mpaka mwisho. Mimi nakuja siku ya kufungulia maji tu. Kama haivuji, nakuandikia barua. Kama inavuja, tunangoja mwaka."

"Nyumba ipi?"

"Iko ya mwalimu mmoja huko Bungoma. Nimeletewa na Kibe wa duka la vifaa. Nenda Jumatatu."

Walimu wa Bungoma ni wengi kama mawe ya mto, na Jentrix hakuwaza lolote. Jumatatu asubuhi alifika nje kidogo ya mji, mfuko wa vifaa begani, akaelekezwa kwenye nyumba mpya ya matofali yenye mabati yanayong'aa. Langoni alisimama mwanamke mjamzito aliyeshika kiuno. Alikuwa Fridah, binti yake.

"Mama? Umekuja kunisalimia na spana?"

Jentrix aliweka mfuko chini taratibu. Yule mwalimu aliyeletwa na Kibe alikuwa Makokha, mume wa Fridah. Jentrix alijua kwamba mkwe wake anajenga, ila hakuwahi kuja kuona, na asingeweza kuja. Kwa desturi ya kabila la Jentrix na Makokha, mama mkwe haingii nyumba ya mume wa binti yake. Hampi mkono wala hamsemeshi. Wakikutana njiani, mmoja anapita kando na kuangalia majani. Na kuhusu chumba anacholala mkwe, hata kukitaja kwa mdomo ni kujivua nguo sokoni.

Alikaa nje ya lango, juu ya rundo la mchanga, akafikiri. Akirudi Kitale, huenda isipatikane nyumba nyingine kabla ya mtihani. Akiingia, atamwacha Fridah na aibu ya kubeba maisha yote: yule ambaye mama yake alitembea ndani ya nyumba ya mkwe akiwa amevaa ovaroli.

Aliyemsaidia ni Lenah, mama yake Makokha, mama mnene aliyekuja akitembea polepole na kikombe cha uji. Alimpa Jentrix ule uji kwanza, akangoja anywe nusu, ndipo akaongea.

"Mama mwenzangu, wamelala humo?"

"Fridah anasema bado. Wanahamia Ijumaa."

"Moto umewashwa humo?"

"Bado."

"Basi si hiyo ni matofali tu, imefunikwa na mabati. Nyumba inakuwa nyumba siku moto unawaka jikoni. Mimi ndiye nitauwasha, na siwashi mpaka Ijumaa jioni. Ukimaliza kabla ya hapo, hakuna mtu ataniambia kitu. Akisema, mwambie aje kwangu."

Jentrix alimrudishia kikombe kwa mikono miwili.

Alifanya kazi siku nne kama mtu anayekimbizwa na mvua. Makokha, kwa heshima yake, alihakikisha hayupo: alitoka kwenda shuleni kabla Jentrix hajafika, akarudi baada ya Jentrix kwenda kulala kwa Lenah. Lakini kila asubuhi Jentrix alikuta mambo yamefanywa. Mabomba mazito yalikuwa yamesogezwa karibu na mahali yatakapohitajika. Kokoto zilizokuwa zinamchoma magoti sebuleni zilikuwa zimefagiwa. Hawakusemezana neno, na bado alijua anaangaliwa kwa wema.

Jikoni palikwenda vizuri. Bomba la uani likaenda vizuri. Alhamisi mchana kilibaki kiungo kimoja, nati ya yunioni, ile inayounganisha mabomba mawili, chini ya sinki, ndani ya bafu dogo lililoungana na chumba cha kulala. Alipofungua mlango alikuta kitanda kimeshaletwa. Kilikuwa kipya, godoro bado limo ndani ya nailoni.

Uso ulimwaka. Alipita kando ya kile kitanda kama anayepita kando ya jeneza, akapiga magoti, akageuza uso ukutani. Alifunga katani kwa kupapasa, akaikaza nati akiwa ameangalia ukuta, akakusanya vifaa, akatoka. Mikono ilifanya kazi, macho yakakataa.

Tangi la maji lilichelewa, likapandishwa juu ya mnara wake Ijumaa na kujazwa jioni. Jioni hiyo hiyo Lenah aliwasha moto, wakaomba, wakala kuku, Makokha na Fridah wakalala humo. Tangu hapo ile ilikuwa nyumba.

Jumamosi asubuhi Gachanja alifika na kofia yake. Alizunguka nje, akagusa bomba hili na lile. Jirani mmoja, Mzee Wekoye, aliegemea ua kutazama. Gachanja akapanda ngazi, akafungua maji.

Bomba la uani lilikohoa, likatema hewa, likatoa maji. Jikoni Lenah aliita kwamba yanakuja, tena kwa nguvu. Jentrix alikuwa amesimama katikati ya uwanja akishika mikono yake mwenyewe.

Kisha sauti ya Fridah ikatoka dirishani. "Mama. Huku bafuni maji iko sakafuni."

Gachanja alishuka ngazi. "Basi ingia uone."

Jentrix hakusogea.

"Mama Fridah, unaogopa nini? Ni tone tu. Ingia."

"Siwezi, Baba Ciru."

Lenah ndiye aliyemweleza, akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Gachanja alisikiliza mpaka mwisho. Alivua kofia, akakuna kichwa, akaivaa tena.

"Sikujua hii maneno. Kama ningejua ningekutafutia nyumba nyingine," alisema. "Mimi naweza kuingia hapo, ni dakika mbili. Lakini nikiigusa ni kazi yangu, si yako. Nitakuwa nimeandika barua ya uongo."

"Najua. Usiiguse." Jentrix alikuwa akiangalia lile dirisha. "Ulipovunjika mkono, nyumba zile tulizomaliza zilikuwa kazi ya nani?"

Gachanja alifikiri. "Yangu. Mikono ilikuwa yako."

"Basi nipe mtu wa mikono."

Mbali na Lenah, ambaye unene haukumruhusu kupiga magoti, ndani ya nyumba hapakuwa na mtu mwingine isipokuwa Fridah, ambaye tumbo lisingemruhusu kuinama, na Makokha.

Jentrix alivuta kigoda hadi chini ya dirisha la bafu, akajifunika leso kichwani, akakaa akiligeuzia dirisha mgongo. Gachanja akafunga maji. Spana na katani Jentrix aliviweka chini; Lenah akaviokota, akaviweka juu ya ukingo wa dirisha; mkono wa Makokha ukavichukua kutoka ndani.

"Fridah," Jentrix alisema, "kabla hatujafungua, muulize mwalimu: maji yalitoka nati yote, au upande mmoja?"

"Anasema upande mmoja, Mama. Ule wa ukutani."

Jentrix alifumba macho. Aliiona sasa, ile nati ambayo Alhamisi hakutaka kuiona. "Imekaa upande. Meno yamepandana. Baba Ciru, hilo ni kosa langu. Niliikaza nikiangalia ukuta. Niliona haya."

"Ulionea haya bomba?"

"Nilionea haya kitanda."

Mzee Wekoye alikohoa kuficha kicheko. Gachanja hakucheka. "Bomba halina mkwe," alisema kwa upole. "Endelea."

"Fridah, mwambie mwalimu aifungue, atoe katani yote ya zamani, apanguse meno yakauke."

"Mama anasema ufungue, utoe..."

"Nimesikia," ilisema sauti ya Makokha.

"Anasema amesikia, Mama."

Lenah alianza kucheka mlangoni. Wakaenda hivyo, neno likitoka kwa mama, likipita kwa binti, likifika kwa mume aliyekuwa ameshalisikia. Katani mpya ikafungwa. Ikafika zamu ya nati. Chuma kiligonga chuma, kikakwaruza, na Jentrix akajua ule mkwaruzo.

"Fridah, mwambie asi—"

Spana ikagonga. Akivuta mara moja zaidi, meno yangekatika, na nati ile isingefaa tena.

"Mwanangu, simama hapo."

Lenah aliacha kucheka. Katika miaka mitatu ya ndoa ile, hakuwahi kumwambia Makokha neno moja kwa moja.

"Nimesimama, Mama," Makokha alijibu.

"Weka spana chini. Nati haianzi na spana, inaanza na vidole. Igeuze nyuma kwanza, kama unaifungua. Pole pole. Kuna mahali itadondoka kidogo, uisikie kwa kidole. Ni kama mlango unaoingia mahali pake."

Ndani nati ilikwaruza kidogo, ikatulia.

"Imedondoka."

"Sasa ipeleke mbele. Bado vidole. Inakataa?"

"Haikatai. Inakwenda yenyewe, Mama."

"Iende mpaka ichoke. Halafu spana, mzunguko mmoja na nusu. Usionyeshe nguvu zako, sisi tunajua unazo."

Hata Makokha alicheka huko ndani.

Gachanja akapanda ngazi tena, akafungua maji. Aliingia bafuni, akapangusa kiungo kwa kitambaa, akatandika kipande cha gazeti chini yake. Kisha akatoka, akakaa uani, akaomba chai. Alikunywa kikombe kizima bila haraka, akaongezewa cha pili. Jentrix aliishika chai yake mpaka ikapoa. Mwisho Gachanja aliingia, akarudi na lile gazeti, akamwekea mapajani. Jentrix alilipapasa kwa kiganja, juu, chini, pembeni. Lilikuwa kavu, likipiga kelele ya karatasi.

"Mwalimu," Gachanja aliita kuelekea dirishani, "nipe karatasi moja ya daftari na kalamu."

Makokha aliitoa ile karatasi kwa mkono wa mama yake. Gachanja aliandika kwenye goti, polepole, herufi kubwa kubwa. Alipomaliza alimsomea: kwamba Jentrix amemaliza nyumba yenye bafu, jiko na tangi, kwamba kosa lilikuwa moja, na amelijua mwenyewe, amelisema mwenyewe, na amelirekebisha bila kuliona. "Nimefundisha watu kumi na mmoja," aliongeza bila kusoma. "Hakuna mwingine ninaweza kumwandikia hiyo ya mwisho."

Jentrix aliikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani. Fridah alitoka nje, mkono tumboni, akasimama karibu naye, bega kwa bega.

Mwezi uliofuata, Kitale, alifanya mtihani katikati ya vijana walioweza kuwa wanawe, akapita. Waruguru alimpikia mukimo na kuwaita majirani wote. Lakini kwa Jentrix mwenyewe, kazi ilikuwa imeanza siku ile ya Jumamosi, alipokuwa akitoka langoni na mfuko begani. Mzee Wekoye alikuwa bado ameegemea ua wake.

"Fundi," alisema, "hata mimi nina bomba inanisumbua huko ndani. Utakuja lini?"

Jentrix alisimama, akaweka mfuko chini.

"Nitakuja Jumatatu, Mzee. Lakini kwanza tutaje watu wa nyumba yako mmoja mmoja, tuone kama hakuna mkwe wangu."