Mafuta ya Ganda

"Shikamoo, Mama Witness!"

Pili aliitupa salamu juu ya ua, ndoo tupu mkononi, akasimama kusubiri. Kule uwanjani Severina alikuwa ameketi mkekani anabangua korosho. Aliinua kichwa, akakiinamisha tena. Jiwe likagonga. Punje ikatoka nzima, nyeupe, akaitia kwenye ungo.

"Haya, leo siku ya tatu," Pili akasema. "Hata marahaba imepanda bei?"

Akaenda zake bombani anacheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa kikavu.

Severina angejibu. Alitaka sana kujibu. Lakini tangu juzi kinywa kilikuwa kimekaza kama mlango uliovimba kwa mvua, kidole kimoja tu ndicho kilichopita kati ya meno. Khanga aliyojifunga kutoka utosini mpaka chini ya kidevu ilificha taya la kushoto, ambalo lilikuwa limejaa, gumu, la moto.

Jino lilianza kumuuma wiki iliyopita, na dawa yake kila mbanguaji pale Kitangari anaijua. Unachukua ganda la korosho, unalipasha moto, unachovya kijiti kwenye mafuta yake meusi, unalenga tundu la jino. Ni mafuta makali hayo. Yanachubua vidole, ndiyo maana mtu hujipaka majivu mikononi kabla ya kubangua. Jino halipakwi majivu. Linawaka, machozi yanakutoka, halafu linanyamaza. Severina aliwahi kuua mawili kwa njia hiyo, yakamomonyoka yenyewe polepole. Na hili la tatu lilinyamaza vilevile. Akalala usingizi mtamu. Kulipokucha, uvimbe huu hapa.

Litapasuka lenyewe, alijiambia. Hakuwa na mwingine wa kumwambia. Mumewe Eliakimu, huu ni mwaka wa sita yuko kaburini. Binti yake Witness ameolewa Songea, hupiga simu Jumapili. Jana yake, Jumapili, simu iliita juu ya mkeka, ikatetemeka kama mdudu aliyepinduka. Severina aliitazama mpaka ikaacha. Ikaita tena. Angeipokea aseme nini, na kwa mdomo upi? Baadaye ilinyamaza moja kwa moja.

Mchana wa siku hiyo ya tatu alijaribu kunywa maji. Yalifika kooni, yakarudi yote, yakamwagikia kifuani. Ulimi ulikuwa umenyanyuka kama umewekewa kitu chini yake. Akaweka kikombe, akatulia, na hapo akaisikia pumzi yake mwenyewe. Ilikuwa na sauti nyembamba ya kukwaruza.

Akawaza kesho. Kesho Pili atapita, atasalimu, hataitikiwa, atanuna. Keshokutwa pengine hatasalimu kabisa. Na yeye Severina atakuwa ndani, amelala, hakuna wa kusukuma mlango.

Akainuka. Korosho akaziacha uwanjani, kuku wafanye wapendavyo.

Pili alikuwa anatwanga. Alimwona kwa pembe ya jicho, hakusimamisha mchi.

"Karibu, mama wa kununa. Leo umekosa mtu wa kununia kwako?"

Severina akaifungua khanga.

Mchi ukabaki juu. "Yallah! Mama Witness! Nini hiki?"

Severina alimwonyesha vidole vyake vyeusi, kisha shavu.

"Umetia mafuta. Mama we, umetia mafuta ya ganda!" Pili alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Na mimi bombani nimekusema kwa watu, kwamba unaringa! Twende, twende."

Pale zahanati muuguzi Julia alimulika kwa tochi ya simu, akabonyeza chini ya kidevu.

"Tangu lini?"

"Mimi najua siku tatu," Pili akajibu, "maana ndizo alizoacha kuniitikia."

"Anameza?"

Severina akatikisa kichwa.

"Basi hapa si pa kukaa. Uvimbe ukishuka shingoni unaziba pumzi. Namchoma sindano moja, nawapigia hospitali ya Ndanda wajue mnakuja. Na msipite nyumbani, hata kuchukua nguo."

Wakapanda pikipiki ya Gasper wa bodaboda, watatu pamoja naye, Severina katikati. Kwenye mteremko wa kushuka toka uwanda wa juu, Pili aliubana mgongo wa Severina, sikio kaliweka hapohapo.

"Pumua, mama. Nakusikia. Pumua tena."

Huko Ndanda daktari wa meno alikuwa kijana, Dickson jina lake, mwenye mikono isiyo na haraka ila miguu yenye haraka. Alipasua chini ya taya, usaha ukatoka kikombe kizima. Kisha akang'oa.

"Mafuta yaliua mshipa tu, mama," alisema. "Maumivu yakaisha, uozo ukabaki chini unatafuta pa kutokea. Jino likivimbisha shavu, usingoje lipasuke. Ungelilalia hili leo, kesho tusingeonana."

Pili alikaa mpaka alipoona dripu inatembea. Kisha ikabidi aondoke na Gasper, kwake kuna mtoto wa homa. "Kesho nikipata usafiri," alisema, na wote wawili walijua usafiri ulivyo.

Saa kumi na mbili jioni ndugu za wagonjwa wakaingia na mabakuli. Wodi ikajaa majina ya watu, harufu ya mchuzi, habari za nyumbani. Severina akageukia ukuta, chokaa yake ya kijani ikimtazama.

Kitu kikagusa bega lake. Ni mwanamke wa kitanda cha jirani, Isabela, aliyekuja kumlisha mama yake. Hakuuliza kitu. Aliweka kikombe cha uji kwenye kistuli, na kijiko, akarudi kwa mgonjwa wake.

Severina alichota kidogo sana. Akakipenyeza kijiko kando, upande wa kulia, akafumba macho. Uji ukakaa juu ya ulimi, vuguvugu. Ukasogea. Kisha ukapita, ukashuka, naye akausikiliza ukishuka, mpaka chini kabisa.