Nguzo za Tembe la Bonga

Riwaya ya Jovita ilikuwa imekwama mlangoni. Bibi harusi wa hadithi hiyo alikuwa amesimama nje ya tembe, nyumba ya udongo ya kizamani, tangu Pasaka, hawezi kuingia, maana mwandishi mwenyewe hajui humo ndani mnanuka nini. Na mchapishaji keshachoka: mswada ufike mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Kuzunguka alizunguka, akitafuta tembe lililosalia aingie alinuse. Nyumba ya kale aliyoelekezwa kule Bagara aliikuta imegeuzwa duka la vipuri vya pikipiki. Nyingine ilibaki msingi tu, mbuzi wanajilalia. Watu gani hawa, hata ukuta mmoja hawawezi kuutunza!

Likabaki tembe la Mama Romanus, kule Bonga. Kwa adabu zake, Jovita akatuma salamu mapema: nakuja kuiona nyumba yenu. Laiti angenyamaza.

Bodaboda ilimshusha mbele ya nyumba ya tofali, bati jipya linachoma macho.

"Shikamoo, Mama Romanus. Tembe liko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Tumelibomoa juzi!" Mama alicheka kwa furaha. "Hii ya tofali ilisimama miaka bila bati. Uliposema unakuja kuona nyumba, wanangu wakaona aibu. Mgeni umwingize kwenye udongo? Wakaezeka. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Jovita alimkasirikia mama, akalikasirikia bati, na zaidi mdomo wake mwenyewe. Akazunguka uani asije akatamka neno baya.

Uani kuku alikuwa anachemka juu ya mafiga, na chini ya sufuria ziliwaka nguzo za tembe, nyeusi kwa moshi wa vizazi. Jovita hakufikiri. Alichomoa moja, akaizima mchangani, akainusa. Moshi, samli, ng'ombe. Ndiyo hii, harufu ya ndani! Akaikumbatia, masizi yakimchafua gauni.

"Mwanangu," Mama Romanus alisema nyuma yake, "unazima moto wa chakula chako? Hutaki kula kwetu?"

"Naiomba hii tu, mama. Niende nayo."

"Hiyo ndiyo kuni ya mwisho, nyingine zimeshakuwa majivu, na kuku bado mbichi. Mgeni wa kwanza wa nyumba hii aondoke na njaa? Nitawaambia nini wanangu?"

Macho ya mama yalikuwa yanalengwa na machozi. Jovita alipiga magoti, akairudisha nguzo chini ya sufuria kwa mkono wake, akapuliza mpaka ikashika moto.

Kuku aliiva. Akala, akalisifu bati.