Kisu cha Kwenda Nacho Malishoni

Igoki, mjane wa ndugu yangu Njiru, alitaka kisu cha kwenda nacho malishoni kila siku. Akaniomba nimsindikize sokoni Siakago nikamchagulie, ati mimi najua chuma. Nilikubali kwa sababu sikupata uongo wa haraka.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, na Njiru alikuwa amemaliza mwaka kaburini. Alikuwa akimpeleka fahali mtoni, kamba ameizungusha mkononi, jambo ambalo sote hukatazana na sote hulifanya. Fahali akashtuka, akamburuta mawe kwa mawe. Asubuhi hiyo Igoki alikuwa amebaki na kisu cha mumewe jikoni akate malenge, kwa hiyo Njiru hakuwa na cha kuikatia kamba. Kila aliyekuja matangani alimsikia akisema ni yeye aliyemuua.

Mwaniki, mhunzi, alikuwa ametandaza visu juu ya gunia. Nilichagua kimoja kilichofuliwa kwa springi ya lori: kipana, chuma kimepita ndani ya mpini hadi mwisho, na ala ya ngozi ya kufunga kiunoni.

"Hiyo ni ya wanaume," Igoki akasema. Akaokota cha kukunja, chenye mpini mwekundu. "Hii ndiyo nzuri. Inaingia kwa mfuko na haiwezi kata mtoto."

"Hiyo ni ya kumenya machungwa," Mwaniki akacheka. "Lakini chaguo ni lako, mama."

Igoki akaanza kufungua fundo la leso atoe pesa. Nikamzuia.

"Wachana na hiyo, shemeji. Haifunguki."

"Si hii nimefungua?"

"Ukiwa na haraka haifunguki. Nilikuwa na moja kama hiyo. Siku ya Njiru."

Nikamwambia yote. Fahali alikwama kichakani, nikamfikia Njiru akiwa hai. Nikatoa kisu mfukoni, lakini kilikuwa na kutu, na vidole vyangu vilijaa jasho. Nikavunja ukucha, nikajaribu kwa meno. Fahali akakurupuka tena. Watu walipofika nilikuwa nimeshakitupa mtoni. Niliona aibu, na bado naiona.

"Alisema kitu?"

"Aliniita mara mbili."

Mwaniki alijifanya anapanga visu. Igoki akarudisha cha kukunja, akachukua kile kipana, akalipa. Akajifunga ala kiunoni.

"Ya kisu nimekusamehe," akasema. "Hiyo ingepata mtu yeyote. Lakini mwaka mzima, Mbaka! Unakaa kwangu, unakunywa chai yangu, unanisikia nikisema ni mimi nilimuua, na unanyamaza."

Akashika njia ya nyumbani peke yake. Sikuthubutu kumfuata.