Nzau Anabeba Magunia

Tangu afutwe kazi kwa duka ya simu huko tao, Nzau bado anaoga kila asubuhi, anavaa shati ya kazi, anaaga dadake Kamene, halafu anajificha kwa base ya Omollo hapa Kabiria, kibanda cha kucheza gemu za video. Kamene hajui. Leo Omollo amemwekea gemu mpya, na wueh, hiyo dunia ndani ya skrini ni kubwa! Milima, mito, farasi, joka inapita juu ya mawingu.

"Boss, si uende uue joka?" Omollo akamcheka. "Tangu uanze unabebea tu huyo mama wa kinu cha unga magunia!"

"Wacha nibebe. Yeye ndiye ameniandika kazi."

Gunia ya mwisho ikafika. Mama wa kinu akasema, "Asante, msafiri. Kazi imeisha."

Simu ikalia. Ni Kamene.

"Uko job?"

"Eeh, niko kwa duka, wateja wamejaa."

"Nzau, mimi niko hapa kwa hiyo duka. Nilikuwa nimekuletea chakula."

Kwa skrini, farasi ya Nzau ilisimama njia panda, ikingoja aiambie iende wapi.