Miguu ya Mchungaji Mosoti

Vumbi la Osiri halina adabu. Halipigi hodi. Linatoka kwenye mashine zinazosaga mawe ya dhahabu mchana kutwa, linapanda, linatua juu ya sukuma wiki, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya Biblia iliyoachwa wazi, juu ya kope za mama anayenyonyesha. Jekundu asubuhi, jeupe mchana. Ewe vumbi, unakula vifua vya wanaume hata kabla hawajaota mvi, na ukishamaliza unakuja kanisani na wajane wao, unaketi nao benchi moja.

Ndani ya vumbi hilo ndimo pikipiki ya Nyangau ilimomshusha mchungaji Mosoti, Sabato ile, saa nne na nusu.

"Nizime ama niache?" Nyangau akauliza, mguu mmoja chini, injini ikinguruma.

"Usiende mbali. Saa saba lazima tuwe njiani kwenda Kisegi."

"Pasta, Yesu akirudi leo itabidi akupigie simu kwanza, ajue uko kanisa gani."

Mosoti akacheka. Alicheka kwa meno tu. Macho yalikuwa yameshatangulia Kisegi.

Makanisa kumi na saba yalikuwa mikononi mwake, kuanzia kwa wachimbaji wa Migori mpaka kwa wavuvi wa upande wa Homa Bay. Makanisa kumi na saba, mtu mmoja. Abatize huku, azike kule, apatanishe mke na mume hapa, akachangishe mabati pale. Zamani aliamka alfajiri akaongea na Mungu wake kama mtu anavyoongea na jirani juu ya ua. Kisha ua ukarefuka. Kisha akawa anafungua Neno ili apate la kuwaambia wengine, kama mpishi wa matanga anayepakulia kijiji kizima na yeye mwenyewe hajaonja. Kisima kilikauka lini hasa? Hajui. Siku moja alishusha ndoo, akasikia imegonga mawe.

Na bado alihubiri.

Watu wa Osiri mchanga wao hawautupi. Ukishaoshwa, dhahabu ikatoka, wanaurudisha, wanauosha tena, na tena, kwa ajili ya chembe iliyojificha. Ndivyo Mosoti alivyofanya na hubiri lake la mazishi. Alilipata siku alipomzika mama yake mzazi, na siku ile lilikuwa dhahabu tupu. Wazee walilia kama watoto. Basi akaliosha tena kwa maiti mwingine. Na mwingine. Kilichobadilika ni jina la marehemu tu.

Na bado watu walisema amina.

Mwezi wa tatu shimo likamfunika Wesley, kijana wa Jeremiah na Bhoke, Wakuria waliotoka Ntimaru kuja kutafuta riziki ndani ya mawe. Siku mbili walimchimbua. Siku ya tatu wakamlaza mbele ya kanisa, ili aombewe kabla gari halijambeba kwenda kwao. Mosoti akafika mbio, jasho na vumbi, akafungua kinywa, na mchanga wa zamani ukamwagika.

"Ndugu yetu James," akasema.

James alikuwa mvuvi. Alizama Kisegi. Alizikwa wiki iliyotangulia.

"Anaitwa Wesley!" Bhoke akapaza sauti kutoka chini alipokuwa ameketi.

"Wesley, ndiyo. Pole, mama," akasema Mosoti. Na sentensi tatu mbele, James akarudi.

Safari hiyo Bhoke hakupaza sauti. Aliitazama ile midomo ya mchungaji ikifunguka na kufungika, akajifunika leso usoni, na kilio chake kikashuka ndani kama maji yanavyoshuka kwenye mchanga, kimya, bila kurudi.

Na bado Mosoti alimaliza, akapanda pikipiki, akaenda.

Jeremiah hakumlaumu mbele za watu. Alikuja kila Sabato akaketi benchi la nyuma. Lakini Meza ya Bwana ilipoandaliwa mwezi wa sita, alisimama kabla mkate haujafunuliwa, akatoka nje. Mkewe akamfuata. Sasa ni mwezi wa tisa, na Meza imeandaliwa tena.

Katika kanisa hili Meza haiendewi hivihivi. Kwanza watu huoshana miguu. Wanawake hutoka nyuma kwenye kivuli cha mabati, wanaume hubaki ndani, mabeseni hupangwa, taulo hugawanywa. Na wazee hufundisha hivi: usimchukue rafiki yako. Mtafute yule mwenye neno nawe. Mwoshe, akuoshe, mwombeane, ndipo muende mezani. Mosoti amewafundisha hayo makanisa kumi na saba. Miguu yake yeye, mara ya mwisho kuoshwa hakumbuki. Hupita tu katikati ya mabeseni akisema Mungu awabariki, kidole juu ya saa ya mkononi.

Siku hiyo, kabla hajaanza kupita, mtu alisimama mbele yake na beseni la bluu. Maji yalikuwa yakitikisika ndani. Alikuwa Jeremiah.

"Pasta, mimi nakutaka wewe."

"Mzee, mimi huwa nasimamia tu..."

"Kaa chini, bwana. Ama wewe una miguu ya malaika?"

Wanaume wa karibu wakacheka, halafu wakaona uso wa Jeremiah, wakaacha.

Mosoti akaketi. Akavua viatu, akavua soksi. Ajabu ya mtu anayewazika wengine kila wiki: aliona aibu ya vidole vyake mwenyewe. Jeremiah akapiga magoti, magoti yakalia kama kuni kavu. Mikono yake ilikuwa na makovu ya mawe na kucha mbili hazikuwepo. Akaosha kisigino. Akaosha katikati ya vidole, polepole, kama mtu anayetafuta kitu. Maji yakawa mekundu.

Alipomaliza kukausha, hakusimama. Alisema kwa sauti ya chini, hata mzee wa kanisa Nyamweya, aliyekuwa beseni la pili, alisikia nusu tu.

"Sikuosha kwa sababu nimesamehe. Nimeosha kwa sababu imeandikwa. Sasa uniombee, mimi na mama Wesley. Lakini hiyo maombi yako ya kila siku, wachana nayo. Nikiisikia, namwaga haya maji hapa, namchukua Bhoke, na kanisa hili hamtatuona tena. Sikutishi. Nakwambia tu."

Mosoti akamshika mkono. Akafumba macho. "Baba mwenye rehema, tunakushukuru kwa nafasi hii..."

Mkono wa Jeremiah ukaanza kutoka ndani ya mkono wake.

Mosoti akaiacha sala hapo. Akatafuta. Akashuka ndani yake mwenyewe kama mtu anayeteremka shimoni bila tochi, akapapasa ukuta huu, akapapasa ule. Mstari wa Zaburi, mkavu. Neno la faraja, kavu. Ewe uliyemwita akiwa kijana kule Kisii, ukamwasha kama moto wa mabua, mbona hukumwambia kwamba mabua huisha?

"Tata," akasema, kwa neno ambalo Mkisii na Mkuria wote humwitia baba. "Sina."

"Huna nini?"

"Maombi. Sina. Ninayo maneno, lakini ndani hakuna kitu. Hata siku ya Wesley hakukuwa na kitu. Nilifika nikiwa tayari nimekwisha."

Jeremiah akamtazama. Machozi? Hapana. Mtu aliyemchimbua mwanawe kwa mikono yake hana machozi ya kumpa mchungaji.

"Sisi shimo likiisha tunatoka," akasema. "Wewe umekaa chini, unatupandishia mawe tu. Na sisi tunapokea, tunasema amina. Wajinga sisi."

Nje, injini ikawaka, kisha honi. Tena honi. "Pasta! Saa saba imepita! Kisegi wanangoja!"

Nyamweya akaja ameinama, taulo begani. "Mchungaji, nifungue Meza? Tumechelewa."

Mosoti hakuitazama saa. "Mwambie Nyangau azime," akasema. "Na Kisegi wapigie simu, mzee wao aendeshe ibada. Meza fungua wewe."

Injini ikazimika. Watu wa Osiri wamezoea kelele, na kimya kile kiliwafanya wageuze shingo.

"Niambie alikuwa nani," Mosoti akasema. "Mimi nimeombea jina tu, tena si lake. Niambie mtu mwenyewe."

Jeremiah akajivuta akaketi kando yake kwenye benchi. Akaanza kwa shida, neno moja, kikohozi, neno moja. Kwamba Wesley alitumia mkono wa kushoto na walimu walimchapa kwa hilo. Kwamba aliogopa kuku, mwanaume mzima, mabega hivi, jogoo akitokea anaruka juu ya kiti. Kwamba aliimba besi na hajui, akaharibu kwaya, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtoa. Kwamba asubuhi ile hakutaka kushuka shimoni. Alisema udongo umelowa. "Mimi ndiye nilimwambia, shuka, usiwe mvivu."

Mosoti hakusema pole. Hakusema Mungu ndiye ajuaye. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mtu alimmwagia huzuni, na yeye hakukimbilia kuifunika. Aliisikia ikiingia, nzito, ya mtu huyu na si ya mwingine. Akalia. Vibaya, kwa kamasi, kama mtu asiyejua namna.

"Bwana, Wesley aliogopa kuku," akasema, sauti imevunjika. "Na baba yake hana mahali pa kuuweka mkono uliomwelekeza shimoni." Basi. Hakuna amina. Hakuna aliyeikumbuka.

Jeremiah hakuyamwaga maji. Hakwenda mezani pia.

Wanawake walikuwa wamerudi. Bhoke akaja akaketi upande wa pili wa mumewe, hakuuliza kitu. Mbele, Nyamweya alifunua kitambaa cheupe, akaumega mkate. Sahani ikaanza kutembea benchi kwa benchi. Ikamfikia Jeremiah. Akatikisa kichwa. "Leo bado," akanong'ona. Bhoke alikuwa ametangulia kutikisa chake. Ikamfikia mchungaji, na kanisa zima likatazama mkono wake, mkono uliogawa mkate huo katika makanisa kumi na saba.

Mosoti akaipisha sahani.

Mlango ulikuwa wazi. Vumbi likaingia kama kawaida yake, likatua juu ya miguu yao peku iliyolowa maji yaliyodondoka kutoka mabeseni, ya mchimbaji na ya mchungaji, likashika, likawa tope la rangi moja. Mkate ulizidi kwenda mbele. Mosoti akaufuata kwa macho mpaka benchi la mwisho, kinywa kimejaa mate. Alikuwa na njaa.