Taulo la Msusi

"Nasema na nitarudia: haya macho mekundu yameingia uani na mabeseni yako!"

Msusi alisimama katikati ya ua, mkono kiunoni, macho yake mwenyewe yameiva kama pilipili. Nyuma yake wapangaji waliitikia kwa miguno, kila mmoja akichuruzika machozi, ungedhani wamefiwa. Mwenye nyumba, aliyeitwa aje kumtoa mpangaji mpya, alijibanza langoni asimguse mtu.

Dobi, mwanamke huyo mgeni, hakuacha kukamua shuka. "Dada yangu, hebu nitazame. Mimi macho yangu yana nini?"

"Hayana kitu! Umetugawia sote, ukajisahau."

"Nimewagawia lini? Tangu nihamie hapa hakuna aliyenipa mkono, wala kigoda. Nimeingia kwa nani?"

Msusi, mwenye ulimi usiojua likizo, akauondoa mkono kiunoni. Kwa nani, kweli? Akaanza kurudi nyuma kimoyomoyo. Wa kwanza alikuwa mke wa mchinjaji, aliyekuja kusukwa huku jicho moja likimwasha na habari ya talaka ya jirani ikimwasha zaidi. Akafuata mama pacha, kisha pacha wenyewe, kisha shangazi wa ghorofani. Njia ileile iliyopitiwa na habari ya ile talaka! Wanawake wote watatu walikalia kiti chake, na kabla hawajainuka aliwapangusa uso kwa taulo lake la rangi ya waridi. Ndiyo heshima iliyomjengea jina. Taulo lilikuwa moja.

Kulisema hilo mbele ya wateja wake ni kujikatia riziki. Kunyamaza ni kumng'olea mwenzake paa.

"Mwenye nyumba," alisema, sauti imeshuka, "kama kuna wa kuhamishwa, basi ni taulo langu."

Akalileta kwa ncha za vidole kama anayebeba panya mfu. Dobi akamwonyesha sufuria iliyokuwa ikitokota. "Litumbukize mwenyewe. Halafu unawe."

"Na mie nilivyokuwa nikisifia linavyonukia!" alimaka mama pacha, na ua mzima ukaangua kicheko.

Macho yalipotakata, kiti cha msusi hakikuwa kimepoa. Kila mteja alikuja na kitambaa chake kwapani na habari mpya mdomoni. Adhuhuri moja dobi alileta lile taulo, limepauka, limekunjwa vizuri. Akaishia kizingitini kama alivyozoea.

Msusi akachukua jagi na sabuni.

"Lete mikono, shoga," alisema, akimmiminia maji. "Chakula kinapoa. Ingia tule."